Mijakaranda Miwili ya Baba

Kila mwaka, mwezi wa tisa unapokwisha na joto kuanza kuchoma, mji wetu wa Lubumbashi hubadili mavazi. Vumbi jekundu la kiangazi limekwisha kufunika majani, mabati na nyuso za watu. Mvua bado haijafika, na kila mtu atazama juu akiuliza itanyesha lini. Ndipo, katika ukavu huo huo, mijakaranda hufungua maua. Majani yake mengi yamekwisha kuanguka, lakini matawi yote yamejaa maua ya rangi ya zambarau hafifu inayoelekea buluu, na chini yake njia nzima imetandikwa kana kwamba kuna harusi. Watoto wanaotoka shuleni huyaokota na kuyavaa vidoleni kama kofia ndogo.

Wasomaji wapenzi, wengi wetu twapita chini ya miti hiyo kila siku bila kuuliza nani aliipanda, wala jinsi ilivyoweza kuishi. Mimi nalazimika kuuliza, kwa kuwa marehemu baba yangu alikuwa mmoja wa watu walioipanda. Na katika kiwanja changu mwenyewe, au lupango kama tusemavyo huku kwetu, alileta miwili. Mmoja ungali umesimama. Wa pili niliuua mimi, wala si kwa shoka tu, bali kwa mambo madogo madogo niliyoyatenda miaka mingi kabla ya shoka. Nataka kuwasimulia habari hiyo, ili yeyote anayependa kupanda mti huu ajue namna ya kuutunza, asirudie makosa yangu.

Baba aliingia kazi ya bustani mwaka wa 1953, angali kijana, siku ambazo mji huu uliitwa Elisabethville. Jina la Lubumbashi lilikuja mwaka wa 1966. Kazi yake ilikuwa kuotesha miche, kuipanda kando ya barabara, na kuichukulia maji kiangazi chote. Hakusoma sana, lakini mti aliusoma kama mwalimu asomavyo daftari la mwanafunzi: akitazama jani alijua mzizi una shida gani. Alistaafu mwaka wa 1986, lakini mikono yake haikustaafu. Akipita penye mche uliolala, hakuweza kuuacha bila kuusimamisha.

Yeye ndiye aliyenifundisha ya kuwa mjakaranda ni mgeni kwetu. "Kama mahindi na mihogo," alisema. "Navyo vilitoka ng'ambo, lakini leo nani hula bukari akikumbuka ugeni wake?" Baadaye nilisoma vitabuni nikaona amesema kweli. Mahindi, mihogo na mjakaranda vyote asili yake ni Amerika. Kwao hasa mjakaranda ni kaskazini-magharibi ya Argentina na kusini ya Bolivia. Mwaka wa 1822 mtaalamu wa mimea David Don aliuandika kwa jina la kitaalamu, Jacaranda mimosifolia, kwa sababu majani yake, yaliyogawanyika kama unyoya wa ndege, yafanana na majani ya mimosa. Watu waliopenda maua yake wakaueneza katika miji ya nchi za joto: Pretoria, Harare, Nairobi, na kwetu pia. Hapa uliona makao mema. Mji wetu uko karibu meta 1,200 juu ya bahari. Una kiangazi kirefu cha kuupumzisha mti, jua jingi la kuufungulia maua, na baridi ya mwezi wa sita na wa saba ambayo hututafutisha makoti, lakini si kali hata kuua mti uliokomaa.

Jambo la kushangaza ni hili: kule kwao, misitu yake imekatwa sana ili watu walime, hata wataalamu leo wauhesabu miongoni mwa miti iliyo hatarini porini. Mgeni amestawi ugenini, na nyumbani anapungua.

Basi, mwaka wa 1988 nilinunua kiwanja katika komini ya Kampemba. Nilikuwa mwalimu kijana, mwenye mke na watoto wawili, na kila pembe ya udongo ule nilikuwa nimeipangia kazi: hapa nyumba, hapa jiko, hapa mahindi, hapa maharagwe. Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zilipokwisha kulainisha ardhi, Baba alifika kwa baiskeli. Nyuma alikuwa amefunga makopo mawili makubwa ya maziwa, na ndani ya kila kopo mche wenye urefu wa mkono mmoja.

Nikamwuliza, "Baba, hiyo ni miembe?"

"Siyo. Ni mijakaranda."

"Lakini Baba, mjakaranda hauliwi. Watoto wangu watakula maua?"

Akayateremsha makopo polepole, akajibu, "Mwembe utaupanda mwenyewe, mwanangu, tumbo litakukumbusha. Hii nimeileta mimi kwa sababu najua hutaipanda."

Tulifanya kazi asubuhi nzima. Kwanza alizunguka kiwanja akitazama juu kabla ya kutazama chini. Alitafuta mahali penye jua kutwa, pasipo nyaya za umeme wala kivuli cha mti mwingine. Alisema kwamba mjakaranda ulionyimwa jua huinama kulitafuta, tena hutoa maua machache. Kisha akaanza kuhesabu hatua kutoka ukuta wa nyumba. Moja, mbili, tatu, hata nane. Mimi nilicheka, kwa maana mche wenyewe ulikuwa mwembamba kama kalamu. Akasema, "Mtoto usimpime kwa alivyo leo. Huyu atafika meta kumi, pengine kumi na tano, na matawi yake yatataka upana kama huo. Mizizi nayo inataka njia yake. Ukimweka karibu na nyumba, siku moja mmoja wao atamwambia mwenzake atoke."

Tulichimba shimo lenye kina cha nusu meta, na upana mara mbili ya kina. Udongo wa juu, ule mweusi, tuliuweka upande mmoja, na ule mwekundu wa chini upande mwingine. Baba akamimina ndoo mbili za maji shimoni, akakaa chini kuvuta kiko. Nilipomwuliza twangoja nini, alisema twangoja maji yaondoke. Mjakaranda huvumilia udongo wa namna nyingi, lakini hauvumilii kusimama majini. Mahali ambapo maji hutuama, mizizi huoza. Maji yalipokwisha kunywewa na ardhi, alikata kopo kwa mkasi wa bati, akaifungua kwa vidole mizizi iliyokuwa imejizungusha ndani, akisema kwamba mzizi uliozoea kuzunguka kopo utaendelea kuzunguka hata ukiwa huru. Udongo mweusi ulirudi kwanza, umechanganywa na samadi iliyooza, lakini samadi kidogo tu. "Ukiulisha mno utakupa majani na kukunyima maua."

Mche wa kwanza tuliupanda mbele, upande wa barabara. Wa pili aliupanda nyuma, katikati kabisa ya mahali nilipokusudia kulima mahindi. Sikusema neno. Mtoto habishani na baba yake mbele ya watu, na mke wangu alikuwa akitazama. Lakini siku ya pili yake, jioni, Baba akiwa amekwisha rudi kwake, nilichukua jembe, nikaung'oa mche ule wa nyuma pamoja na donge lake la udongo, nikaupeleka kando ya jiko, hatua mbili tu kutoka ukuta unaotutenga na jirani. Hivyo nilipata mistari minne zaidi ya mahindi.

Baada ya mwezi Baba akaja tena. Alisalimia, akanywa maji, akaenda nyuma. Alisimama mbele ya mche, akatazama mahali ulipokuwa, akatazama mahali ulipo, akapima kwa miguu. Kisha akasema, "Mti huu umetembea."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia niurudishe mahali pake upesi, kabla mizizi haijashika. Nikaahidi. Mahindi yalikuwa yakiota vizuri, nikaona ningoje tuvune kwanza. Tulipovuna kiangazi kilikuwa kimefika, nikaona ningoje mvua. Mvua ilipokuja mti ulikuwa umenipita urefu. Ndivyo ahadi zinavyokufa, ndugu zangu: hatuzivunji siku moja, bali twaziahirisha.

Kiangazi cha kwanza ndicho mtihani wa kila mjakaranda katika nchi yetu. Miezi mitano au sita hainyeshi, na mche uliopandwa mwezi wa kumi na moja bado hauna mizizi mirefu ya kutafuta maji chini. Baba alikuwa ameniagiza niumwagilie kila mti ndoo mbili mara moja kila juma, polepole, mpaka maji yazame. Si kikombe kila siku, kwa sababu maji machache ya juu huifundisha mizizi kukaa juu. Tena aliniagiza niweke majani makavu kuuzunguka mti ili kutunza unyevu, lakini yasiguse shina, kwa kuwa huku kwetu mchwa hawahitaji mwaliko wa pili. Yeyote aliyeviona vichuguu vya Katanga, virefu kupita nyumba, ajua kwamba ardhi hii ni yao kabla ya kuwa yetu.

Mti wa kando ya jiko haukupata shida, kwa maana mke wangu aliumwagia maji ya kuoshea mboga. Lakini ule wa mbele ulikuwa mbali na mtungi. Mwezi wa saba na wa nane wa mwaka wa 1989 nilikuwa na shughuli nyingi, nikausahau. Nilipoukumbuka, majani yalikuwa yamekauka yote, na mchwa walikuwa wamekwisha kulijengea shina kanzu ya udongo tangu chini hata nusu.

Niliona aibu kumwita Baba, lakini mke wangu alimwita. Alifika, akalipangusa shina kwa kiganja, akalikwaruza gome kwa ukucha. Kahawia. Akashuka kidogo, akakwaruza tena. Kahawia. Alipofika shubiri mbili juu ya ardhi, chini ya gome pakaonekana rangi ya kijani. Akasema, "Hajafa." Akatoa kisu chake, akaukata mti pale pale palipo kijani, akamwaga maji, akaondoa nyasi zote karibu na shina, akazungushia majivu kama wazee wafanyavyo. Baada ya majuma matatu yalichipuka machipukizi matano. Yalipofika urefu wa kidole aliyaondoa manne, akaacha moja lililonyooka, akalifungia kijiti kwa kamba laini. Samaki mkunje angali mbichi, husema wahenga. Na mti hunyoshwa ungali mchanga. Shina moja imara, matawi yaliyoachana vizuri: kazi hiyo hufanywa katika miaka mitatu au minne ya kwanza kwa kisu kidogo. Ukingoja, utahitaji msumeno, na kidonda kitakuwa kikubwa.

Miaka ikapita. Mti wa jikoni, ulionyweshwa daima, ulikwenda mbio. Lakini kwa kuwa ukuta uliuzuia jua upande mmoja, uliinama kidogo kuelekea kwa jirani. Ule wa mbele, uliokatwa, ulifuata nyuma polepole, umenyooka kama askari. Hakuna uliotoa ua hata moja. Mjakaranda uliooteshwa kwa mbegu hutaka subira: miaka saba, kumi, hata zaidi. Watoto wangu walimwuliza kambo wao kila mwaka, "Maua lini?" Naye aliwajibu kila mwaka, "Mwaka ujao tutauliza tena."

Mwezi wa saba wa mwaka wa 1996 Baba alifariki. Hakuyaona.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, mke wangu aliniita asubuhi na mapema. Juu ya jiko, katika ncha ya tawi moja, palikuwa na kishada cha maua. Baada ya siku kumi mti wote ulikuwa umevaa, na nyuki walikuwa wakivuma ndani yake tangu jua kuchomoza. Tulimleta Mama. Alitandikiwa mkeka chini ya mti, akakaa kutwa. Maua yalimwangukia kichwani na mapajani, naye hakuyapangusa. Binti yangu alipoleta ufagio, Mama alimzuia akasema, "Acha. Leo mzee ameleta mshahara."

Tangu siku ile Mama alikuja kila mwezi wa kumi, akae chini ya mti wa jikoni. Ule wa mbele nao ulitoa maua mwaka wa 2001, lakini yeye alikuwa amekwisha zoea mahali pake.

Sasa nieleze kosa langu la pili, nalo lilikuwa baya kuliko la kwanza. Mjakaranda huangusha vitu mwaka mzima: vijani vidogo kama punje, kisha maua, kisha maganda magumu ya duara kama sarafu kubwa. Vijani viliziba mifereji ya bati, na maua yaliyolowa mvua yaliteleza mlangoni. Badala ya kukumbuka kwamba mti haukujiweka pale, nilikasirika na mti. Mwaka wa 2004 nilimlipa kijana mmoja mwenye panga aukate kichwa. Alikata matawi yote makubwa, yakabaki magogo kama ngumi zilizoinuliwa. Jirani alinipongeza. Nilijiona nimefanya kazi ya busara.

Wazazi wenzangu, sikilizeni: mjakaranda haukatwi kichwa. Ukiukata hivyo, kila gogo hutoa machipukizi mengi yaliyosimama wima kama ufagio. Yanakua kwa haraka ya ajabu, lakini hayakushikamana na kiini cha mti. Yamebandikwa karibu na gome tu, na kidonda kikubwa chini yake huanza kuoza. Umbo lake zuri lililotandaa kama mwavuli halirudi. Kwa miaka miwili mti wetu haukutoa ua lolote, na Mama alikuja, akatazama juu, akarudi kwake bila kuketi. Laiti ningejua, ningeweza bado kuuponya: ningechagua katika kila gogo chipukizi moja au mawili yenye nguvu, ningeondoa mengine kidogo kidogo mwaka hata mwaka. Sikujua, wala sikuuliza. Yule ambaye ningemwuliza alikuwa amekwisha kwenda.

Jioni moja ya mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2008 ilikuja dhoruba. Yale machipukizi yalikuwa yamekuwa mazito kama paja la mtu. Tulisikia mlio kama wa bunduki, na moja likabanduka kwenye gogo lake, likaanguka upande ule mti ulioinamia, juu ya jiko la jirani. Mabati yalikunjika, sufuria ya maharagwe ikabonyea hata kuwa kama sahani. Mama mwenye nyumba alikuwa ametoka dakika ile kuanua nguo. Kama asingekumbuka nguo zake, leo nisingeandika habari hizi kwa moyo huu.

Jirani hakupiga kelele. Alikuja asubuhi, akakaa, akasema, "Mwalimu, mti wako ni mzuri, nami sina chuki nao. Lakini watoto wangu hulala upande ule." Nilinunua mabati manne, nikamtengenezea jiko. Kisha tulitazama ukuta pamoja. Shina lilikuwa limekwisha kuusukuma, na ufa ulipanda tangu msingi hata juu. Mti ule uliokuwa hatua mbili kutoka ukuta sasa ulikuwa hatua moja, kwa maana shina nalo lilikuwa limenenepa. Habari ilienea upesi. Siku ya tatu mtu wa makala alikuwa mlangoni akitaka kuununua wote. Mjuavyo, misitu ya kuzunguka mji wetu imekwisha sana kwa sababu ya makala, na mti wowote uliosimama huonekana kuwa gunia.

Nilichelewa kumwambia Mama. Nilijua uamuzi umekwisha fanyika, lakini miezi saba nilizunguka neno hilo kama mbwa azungukavyo nyuki. Hatimaye nilikwenda kwake mwezi wa nane wa mwaka wa 2009. Nilipomaliza kusema, aliniuliza swali moja tu: "Ni ule uliotembea?"

Nilishangaa. Akasema, "Baba yako alirudi nyumbani siku ile akaniambia: mwanetu ameutembeza mti, siku moja utarudi kumwuliza. Nilidhani utaurudisha. Kata, mwanangu. Mti haukukosa, lakini watoto wa jirani nao hawakukosa."

Tuliukata kipande kwa kipande, kwa kamba na msumeno, na mtu anayejua kazi hiyo. Mtu wa makala nilimkatalia. Mbao za mjakaranda ni nyeupe, laini kufanyia kazi. Nchini Kenya wachongaji huzitumia kwa vinyago. Seremala wetu alinitengenezea kiti kifupi cha Mama. Kabla ya kukata, mke wangu alikuwa amekusanya maganda yaliyokauka. Ndani ya kila ganda mna mbegu nyingi nyembamba zenye ubawa mwepesi kama karatasi, hata ukipiga chafya zaruka. Tuliziloweka majini siku moja, tukazipanda mwezi wa tisa katika makopo, tukazifunika kwa udongo mwembamba kiasi cha unene wa shilingi, tukazitunza kivulini na unyevu. Baada ya majuma mawili au matatu zikaota. Miche tuliihamisha kila mmoja katika kopo lake, tukaizoesha jua kidogo kidogo, tukaingoja mwaka mzima hata mvua za mwaka wa 2010.

Miche sita iliendelea. Minne niliwapa wanafunzi wangu wa zamani wenye viwanja vipana. Niliwaambia pia wasiitupe mbegu porini, maana mgeni huyu akiachwa pasipo mipaka hujieneza. Katika Afrika ya Kusini serikali imeuweka katika orodha ya miti ya kigeni inayovamia nchi. Ni mti wa mjini na wa uani; msitu wetu una miti yake, nayo yahitaji kutunzwa zaidi. Mche wa tano ulikufa. Wa sita nilikuwa sijajua niufanyie nini, ndipo jirani akabisha hodi.

"Mwalimu," akasema, "nimesikia una miche. Mke wangu asema tangu mti ule uondoke, jiko lina joto."

Nilimtazama nikidhani ananidhihaki. Hakuwa akidhihaki. Tukaenda kwake pamoja, upande wa mbele, palipo wazi. Mimi nilichukua kopo, yeye jembe. Alianza kuchimba hatua tatu kutoka nyumba. Nikamzuia, nikamshika mkono, tukahesabu pamoja tangu ukutani: moja, mbili, tatu, hata nane. Tukachimba, tukamimina maji, tukakaa chini kungoja yaondoke. Mama alitolewa nje na kile kiti chake kifupi, akatutazama juu ya ukuta uliobomolewa nusu, akaniambia kwa sauti, "Huo usiutembeze."

Mama naye ametutoka sasa, na kiti kipo kwangu. Mti wa mbele, ule uliokuwa umekufa nusu na kufufuliwa kwa ukucha wa Baba, ni mrefu na umenyooka. Sijaugusa kwa panga. Kila mwaka, baridi inapokwisha, naondoa matawi yaliyokufa tu, kwa msumeno mkali, karibu na shina bila kulijeruhi. Simpi samadi, wala maji hauhitaji tena. Umekwisha jifunza kuyatafuta. Mjakaranda uliotunzwa vema miaka mitatu hautaki mengi katika miaka iliyobaki. Nimeona kwamba mti hausahau: kila jambo ulilotendewa ukiwa mchanga, jema au baya, huliweka ndani yake, na siku moja huliweka mbele yako.

Kwa hiyo, msomaji mpenzi, mvua za mwezi wa kumi na moja zikifika nawe ukiwa na mche mkononi, usione haya kuhesabu hatua hata watu wakicheka. Mistari minne ya mahindi niliyoipata mwaka ule tuliila, ikaisha. Mti wa jirani ulitoa kishada chake cha kwanza miaka michache iliyopita. Mkewe aliokota maua kiganja kimoja, akayaleta kwetu juu ya sahani, akaiweka sahani juu ya kiti kile kifupi. Hakusema neno, nami sikusema.